Miguu ya Baba Mkwe

Wagogo wa kijiji cha Makole walikuwa hodari wa kumhurumia mzee Matonya. Kila asubuhi wanapita mlangoni pa tembe lake, "Mbukwa, baba! Umeamkaje na miguu?" Mzee anajibu kwamba ameamka, wao wanaguna, wanatikisa vichwa, wanashika njia ya mashambani. Huruma yao ingekuwa uji, mzee angenenepa akashindwa kupita mlangoni. Lakini huruma ya mdomoni hailambwi.

Mwajabu alikuwa akiyasikia yote hayo kutoka ndani, amepiga magoti kwenye jiwe anasaga uwele, na meno yake yakisagana kuliko lile jiwe. Yeye alikuwa mkamwana wa mzee, mke wa Lemanya, mtoto wa pili. Kwao ni Busi, huko Kondoa, kwa Warangi. Lemanya alifika Busi mwaka wa njaa akiswaga mbuzi sita wa kubadili na nafaka. Nafaka aliipata, ila alipoondoka moyo aliuacha, na miezi mitatu baadaye akarudi kuufuata. Sasa Lemanya mwenyewe hayupo. Wadachi walituma askari kutafuta wapagazi, na askari hawakuuliza nani ana mke wala nani ana baba mzee, walitazama mabega. Lemanya alikuwa na mabega. Akatwishwa mzigo wa kwenda Tabora, na mwezi wa tatu ulikuwa umeshaandama bila habari zake.

Kwa hiyo waliobaki wa kumtazama mzee ni wawili, Mwajabu na Ndahani. Mke wa mzee alikwisha kufa, na mabinti zake wote wameolewa mbali, ng'ambo ya Bahi. Ndahani ndiye mtoto wa kwanza, anakaa na mkewe na watoto wachanga upande wa pili wa tembe hilohilo. Na huyo Ndahani, jamani, alikuwa mwanamume wa maneno! Anakuja asubuhi, anasimama kizingitini, anatoa amri. "Baba apewe maziwa. Baba aote jua kidogo. Baba asisumbuliwe." Akimaliza anaweka fimbo begani anaondoka, kwa hesabu yake ameshamuuguza baba.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa funza. Siku hizi kila mtu anawajua, lakini miaka ile walikuwa wageni kabisa huku kwetu uwandani. Waliletwa na misafara kutoka magharibi, ndani ya vidole vya wapagazi, wakashuka kwenye vumbi la njia kuu na vumbi likawapenda. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko kiroboto. Anajichimbia chini ya ukucha, anajaa mayai mpaka anakuwa na mfuko mweupe kama punje ya mtama. Usipomtoa, wenzake wanamfuata. Mguu unavimba, unatunga usaha, na mwisho vidole vinakatika kimoja kimoja. Na mzee Matonya alikaa wapi kutwa? Palepale penye vumbi! Karibu na zizi la ndani, kwenye samadi kavu inayofika kifundoni, kwa sababu mzee wa Kigogo hukaa mahali anapowasikia ng'ombe wake wakicheua.

Aliyeona kwanza ni Mwajabu, na sababu yake ingechekesha kama isingeudhi. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Jina lake halitaji, mbele yake hapiti, na kumgusa, hata ncha ya vazi tu, ni mwiko mkubwa. Akipeleka ugali na mlenda anainamisha macho, anaweka chini, anarudi kinyumenyume. Sasa niambie, mtu aliyeinamisha macho anaona nini? Miguu! Makole nzima ilimtazama mzee usoni ikasema bado ana nuru. Mwajabu hakuijua hata sura yake, lakini vidole vyake alivijua vyote kumi, na siku alipoona doa jeusi pembeni mwa kile kidogo, moyo ulimpiga paa.

Alilijua doa hilo kwa sababu kaka yake Shaaban alirudi Busi kutoka safari ya Ujiji na miguu ya namna hiyohiyo. Wapagazi wenzake walikuwa wamemfundisha la kufanya, naye akawafundisha nyumbani. Unachukua mwiba wa mgunga, unazungusha taratibu, unatoa mfuko mzima bila kuupasua, unautia motoni, unaziba tundu kwa majivu ya tumbaku. Kisha unafagia, unamwagia maji, unakandika sakafu kwa udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe ili vumbi lisipate pa kukaa. Ni kazi ya kila siku, haina muujiza wowote. Shaaban alipona, akarudi kupigana mieleka.

Mwajabu akamwendea Ndahani. "Shemeji, baba ana funza. Tafuta mwiba, nitakuelekeza nikiwa nyuma ya ukuta. Leo ni mmoja, wiki ijayo hatutawahesabu."

Ndahani alicheka mpaka akakohoa. "Funza ni wa wapagazi na watembea njia. Baba yangu hajatoka hapa tangu masika."

"Hajatoka yeye, wao wameingia."

"Na hata wangekuwa hao, mwana hamtoi baba yake damu. Unataka nilaaniwe? Nyie Warangi ni watani wetu, lakini utani mwingine unavuka mpaka, shemeji."

"Mimi sitanii."

"Basi kama hutanii, kumbuka wewe ni mkamwana. Mambo ya mwili wa mkweo hayakuhusu." Akaweka fimbo begani akaenda zake.

Unaona? Wakitaka kumcheka ni mtani, wakitaka kumnyamazisha ni mkamwana. Mwajabu alirudi jikoni akakaa, akajisikia joto la hasira likimpanda mpaka masikioni. Hakumchukia Ndahani kwa ujinga, maana ujinga kila mtu anao wa kwake. Alimchukia kwa kule kucheka. Baba yake analiwa, naye anacheka!

Akaamua kufanya lile ambalo mwiko haukulikataza. Kila alfajiri, kabla mzee hajaamka, alifagia pale anapokaa, akalizoa lile vumbi kwenye kipande cha chungu, akalipeleka nje ya uzio na kulimwagia makaa ya moto. Kisha akamwagia maji. Maji yenyewe, kwa asiyeijua nchi yetu wakati wa kiangazi, si ya kuchota. Unakwenda korongoni, unachimba mchanga mpaka kiunoni, unakaa unangoja yajikusanye kidogo kidogo kama machozi ya bahili. Mke wa Ndahani alipomwona akiyamwaga chini alipiga ukelele. "Ndama wanakufa kiu, wewe unainywesha sakafu!"

"Nimeyachimba kwa mikono yangu."

"Haya, chimba. Busi labda sakafu huota mtama." Na wanawake waliokuwa pale wakacheka, wakagongeana viganja.

Mzee alikuwa hasemi na mkamwana wake moja kwa moja, wala yeye na mzee, lakini shida humfundisha mtu. Palikuwa na ndama amefungwa katikati yao. Mwajabu akawa anazungumza na ndama. "Ndama, mwambie baba asijikune, anawatawanya."

Mzee anajibu, naye akimtazama ndama. "Ndama, mwambie huyo anayesema nawe kwamba baba amesikia. Lakini kujikuna ndiyo raha pekee aliyobakiwa nayo."

"Mwambie basi aondoe miguu kwenye samadi."

"Mwambie baba alishazeeka, na miguu haimsikii tena."

Mwajabu aligeuka upande akacheka, kisha akalia. Alimpenda yule mzee. Alikuwa mtu mwema, aliyewahi kumtumia maziwa ya kwanza ya ng'ombe mpya bila kusema neno, na sasa anaoza mbele ya macho yake, hatua tatu tu kutoka alipo, na mikono inayojua kumponya imefungwa. Hatua tatu! Alipiga ukuta kwa ngumi mpaka udongo ukabanduka.

Funza hawakungoja watu wapatane. Kufagia kulisaidia wasizidi kuingia, lakini waliokwisha kuingia walikuwa wameshajenga. Ndahani, alipoona miguu imevimba kama mitungi, akatoa dawa ya nyumbani. Akaamuru miguu ipakwe samli na samadi ya moto, ifungwe kwa ngozi ya mbuzi, isifunguliwe siku saba. Siku saba! Walipofungua, harufu iliwatoa watu nje, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilibaki kwenye ngozi. Wiki iliyofuata kikafuata cha jirani yake. Hapo hata Ndahani aliacha kucheka, akaenda Kikuyu, kijiji cha jirani, kumleta mganga.

Mganga alikaa uani asubuhi, jua likiwa bado la upole, wazee watatu wa ukoo wakiwa wamemzunguka. Alitikisa kibuyu chake, akanusa udongo wa pale anapokaa mzee, akauliza swali moja tu.

"Nani anayezoa nyayo za mtu huyu?"

Watu wakatazamana. Nyayo za mtu kuzolewa ni jambo la kutisha. Ukichukua udongo aliokanyaga mtu umeichukua miguu yake, na ukiuchoma moto umeichoma. Hata mtoto wa Makole anajua hivyo. Mke wa Ndahani akageuza shingo polepole kuelekea jikoni. Mwajabu alikuwa amesimama pale mlangoni, ufagio mkono wa kulia, kipande cha chungu mkono wa kushoto, na kwenye chungu vumbi la asubuhi ile.

"Yeye!" mke wa Ndahani akasema. "Kila siku! Anazoa, anapeleka nje, anatia moto! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Natia moto mayai ya funza," Mwajabu alisema. "Nilikwambia, shemeji Ndahani. Nilikwambia kukiwa na mmoja."

"Alijua!" Ndahani akaruka kama aliyekanyaga kaa. "Alijua kabla hapajaonekana kitu! Mlisikia wenyewe! Mtu anajuaje ugonjwa ambao haujaja, kama si yeye aliyeuita?"

Ee Mungu wangu. Umefagia, umechimba maji, umelala mgongo ukiuma, na mapato yako ndiyo hayo.  Mganga alikuwa ameshaanza kukunja ngozi aliyokalia. Wazee waliinamiana wakanong'ona kwa muda mfupi mno, muda usiotosha hata kuamua bei ya kuku, kisha Ndahani akasimama mbele ya watu.

"Kwa kuwa mume wake ni ndugu yangu, hatutamwaga damu yake. Lakini kuanzia sasa huyu si mkamwana wa nyumba hii. Hatumjui. Achukue kilicho chake arudi kwao. Lemanya akija, mimi nitamwambia."

Wazee watatu wakatema mate chini, mmoja baada ya mwingine. Kwa desturi yao hapo neno limefungwa.

Mwajabu aliingia ndani kufunga mzigo. Alitandika kaniki yake ya pili chini, akaweka kibuyu, akaweka shanga. Hakuwa na huzuni hata kidogo, asikudanganye mtu. Ilikuwa hasira tupu. Aliwaza njia ya Busi, siku nne za miguu, na mama yake atakavyouliza. Aliwaza Lemanya atakavyosimuliwa. Kisha upande wa pili wa ukuta mzee akaguna kwa maumivu, na Mwajabu akasimama na fundo la kaniki mkononi.

Wamesema nini vile? Si mkamwana.

Akalirudia neno hilo kimoyomoyo. Akaliacha fundo. Akachukua kaa moja la moto kwenye kigae, maji kidogo na majivu ya tumbaku, akachomoa mwiba mrefu wa mgunga kwenye uzio, akaushikisha moto ncha yake, na huyo akatembea katikati ya wazee wa watu kama vile hawapo. Akafika kwa mzee Matonya, akaketi chini mbele yake, akautwaa mguu wa kulia akauweka mapajani.

Ua zima likapiga kelele. "Wewe! Wewe mwanamke! Mkamwana hashiki—"

"Mkamwana yupi?" Mwajabu hakuinua kichwa. "Yuko wapi? Mmemvua sasa hivi, na mate yenu hayajakauka pale chini. Mimi ni Mwajabu wa Busi. Ni mgeni hapa, ni Mrangi, ni mtani wenu. Kuna mwiko gani wa mtani kushika mguu wa mtani wake? Mkifiwa mnatuita tuje tuwazikie, tuwafagilie nyumba, tuwatukane mpaka mcheke. Huyu hata hajafa, mnaona haya ya nini?"

"Ni mchawi! Mwondoeni!" Ndahani alisogea.

"Mchawi mpe mwanao akulelee, ndivyo wasemavyo watu. Mwana simtaki. Nipeni baba tu. Na yeyote anayetaka kuniondoa anishike, lakini akumbuke nina mwiba wa moto, na leo sina adabu."

Ndahani alisimama. Aliwatazama wazee. Wazee walitazama mate yao. Ilikuwa kweli, neno lilifungwa na waliolifunga ni wao wenyewe, na kulifungua kunataka ng'ombe na mashauri ya siku mbili. Kutoka mlangoni, mtu ambaye hakuna aliyemtazamia, mke wa Ndahani, akasema kwa sauti ya mtu anayejishangaa, "Si husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone?" Mumewe akamkazia macho, naye akaingia ndani.

 Mzee Matonya alimwinamia yule mwanamke aliyekamata mguu wake, na Mwajabu akainua uso, wakaonana kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa na macho madogo ya utani.

"Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi, baba."

"Nilidhani wewe ni mfupi." Kisha akauma meno. "Haya. Chimba."

Akachimba. Alizungusha mwiba taratibu kama Shaaban alivyomfundisha, akatoa mfuko wa kwanza mzima, mweupe, akawaonyesha wote kwenye ncha ya mwiba, akauangusha kwenye kaa. Ukalia *ta!* Akatoa wa pili. *Ta!* Wa tatu. Damu ilitoka kidogo, usaha ulitoka mwingi, na yeye aliusafisha kwa maji yake ya korongoni, akaziba kwa majivu ya tumbaku. Uani palisikika ile *ta, ta* tu. Baada ya wa kumi mmoja wa wale wazee watatu alikunja miguu yake polepole akaificha chini ya shuka. Baada ya wa ishirini mganga hakuwapo tena. Mguu wa kulia peke yake ulitoa thelathini na mmoja.

"Hizo ndizo nyayo nilizokuwa nazoa," Mwajabu alisema, akajifuta jasho kwa kiwiko. Akasimama. Mzee akatanguliza mguu wa kushoto, ule uliopoteza vidole viwili, akangoja.

Lakini Mwajabu hakuketi tena. Alimwendea Ndahani akamnyooshea mwiba.

"Wa kulia nimeutoa funza mimi mgeni. Huo wa kushoto una mwenyewe."

"Siwezi," Ndahani alisema kwa sauti ndogo. "Damu ya baba... Ni laana."

"Laana ya baba inatolewa na nani?" aliuliza mzee kutoka alipokaa. Lo, sauti ile ya amri! Makole walikuwa wameisahau. "Si inatolewa na baba? Basi mimi siitoi. Nimekaa hapa miezi miwili nawasikia mkinihurumia. Vidole vyangu viwili vimekwenda, mnahurumia. Huyu mmemwita mchawi kwa sababu ametumia ufagio. Na msiniharakishie kumrudisha kuwa mkamwana! Akirudi leo, kesho nani atanishika mguu? Atakaa hapa mgeni wangu mpaka nitembee. Lemanya akija, na amwoe upya, ng'ombe na mbuzi juu yangu. Ndahani! Njoo hapa."

Ndahani alikuja. Mwanamume yule aliyechinja madume ya ng'ombe bila kupepesa alipiga magoti kwenye udongo uliofagiwa, mwiba mkononi. Mwajabu alisimama nyuma yake akimwelekeza: zungusha, usichome, fuata ukingo, usiupasue, polepole. Ndahani alikuwa akilia waziwazi, kamasi zinamshuka, wala hakujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mfuko wa kwanza ulimpasukia. Wa pili ulitoka mzima. Wa tatu ulitoka mzima, na mzee hakushtuka hata kidogo.

"Mkono wako mwepesi," mzee Matonya alisema, akimtazama utosini. "Mwepesi kweli. Ulikuwa nao siku zote hizi, mwanangu?"

 Ndahani alikishika kidole kilichofuata.